Utosi wa Mjomba

Mashine ya mahudhurio ililetwa idarani siku ya Jumatatu ikiwa ndani ya boksi, na kufikia Ijumaa ilikuwa imeshagundua kwamba mfanyakazi hodari kuliko wote ni Mkurugenzi. Alionekana katika vyumba kumi na kimoja kwa wakati mmoja. Alikuwepo saa mbili asubuhi, alikuwepo saa nane mchana, alikuwepo Jumamosi na Jumapili, tena hakuinuka hata mara moja kwenda msalani. Afisa Utumishi aliisoma ripoti mara mbili, akavua miwani, akaniita.

"Mtaalamu," akasema, "hiki kitu kinasema kweli?"

Mtaalamu ndilo jina nililopewa pale. Nilikuwa na mkataba wa miezi sita wa kuitunza programu ya hiyo mashine. Idara yenyewe kazi yake ni kukagua mizani za madukani ili kilo iwe kilo, na saa yake ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika kumi na saba bila mtu kuona aibu. Sikuwa na haja ya kuchunguza sana. Niliinua tu kidole nikamwonyesha ukuta. Pale ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu kubwa kama sinia, Mkurugenzi alikuwa akitutabasamia. Picha hiyo ilitundikwa kila chumba kwa waraka maalumu, na kamera ilikuwa kila chumba vilevile.

Nieleze kidogo, halafu sitawachosha tena. Programu ile inajua jambo moja tu: inatazama picha inayotoka kwenye kamera, ikiona uso inauzungushia kisanduku cha kijani, kisha inaulinganisha na picha zilizomo kwenye faili. Haitofautishi mtu na picha ya mtu. Ila walioitengeneza walikuwa watu wenye akili, wakaacha nafasi wazi: ukitaka, unaandika kipande chako cha msimbo kwa lugha ya Python, programu inakuletea nyuso zote ilizozipata, na wewe unaamua ipi ibaki, ipi itoke, na ipi iongezwe. Kwa maneno mengine, wamekupa kalamu ya kusahihishia macho ya mashine. Kalamu hiyo niliishika mimi.

Kipande changu cha kwanza kilikuwa na mistari kumi na minne. Kilisema hivi: uso usiopepesa kope kwa dakika kumi si mtu, ni picha, utolewe. Nilikuwa na fahari nacho kama mama mwenye pacha. Wiki iliyofuata picha zote kumi na moja zilitoka kwenye orodha, pamoja na makarani watatu wa masjala waliokuwa na desturi ya kulala macho wazi. Hao sikuwatetea. Na Mkurugenzi akaandikiwa siku sifuri.

Alikuja siku hiyohiyo. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mwezi uanze, na alikuja kuuliza kwa nini imeandikwa kwamba haji.

"Binti," akaniambia, akiwa hajakaa hata kitini, "mimi ni kiongozi. Kiongozi hapepesi macho ovyo ovyo."

"Ile ni picha, Mheshimiwa."

"Picha ya nani?"

"Yako."

"Basi?"

Niliongeza mstari mmoja: uso ukiwa wa Mkurugenzi, usiulizwe habari za kope. Ulinichukua muda mfupi kuliko wa kupenga kamasi. Hakuna aliyetia sahihi, hakuna kamati iliyokaa, hakuna aliyeuliza. Pale idarani, ukitaka kuhamisha msumari kutoka ukuta huu kwenda ule, shurti Kamati ya Manunuzi ikutane mara mbili. Lakini msimbo hauna msumari wala uzito, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuuundia kamati. Nilicheka peke yangu siku ile. Nilidhani nimeelewa jinsi dunia inavyokwenda.

Kicheko kilinikauka mwisho wa mwezi. Kwenye ripoti palikuwa na mtu mwingine mwenye siku sifuri, naye hakuwa na picha ukutani. Alikuwa Tarishi.

Tarishi ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, aliyenichukua nikiwa na miaka sita na kunilea hadi nikajua kuandika hiyo Python yenyewe. Pale kazini hakuna aliyelijua hilo. Siku niliyopata mkataba alinikalisha chini nyumbani akaniambia, "Kazini tusijuane, mwanangu. Watasema nimekuingiza mimi kwa mlango wa nyuma, wakati mimi hata mlango wa mbele naingia kwa kuinama." Alisema kwa ajili yangu. Nami, Mungu anisamehe, nilipumua. Niliona haya kuwa Mtaalamu mwenye mjomba anayebeba trei. Miezi miwili nikawa naletewa chai na mtu aliyenifunga kamba za viatu siku yangu ya kwanza shuleni, namwambia "asante" bila kuinua macho kwenye skrini.

Alikuwa na miaka thelathini na moja kazini, na miezi saba kabla ya kustaafu. Alifika saa moja na nusu kila siku, akafungua milango, akafuta meza, akachemsha chai, akagawa barua ofisi kwa ofisi. Hakuwahi kukosa siku hata moja ambayo mashine ile ilisema amekosa. Tatizo lilikuwa shingo yake. Wiki yake ya kwanza kazini, akiwa kijana, mkurugenzi wa wakati huo alimwambia kwamba macho ya tarishi mahali pake ni kwenye trei, si kwenye nyuso za wakubwa. Samaki mkunje angali mbichi: walimkunja, naye akakauka hivyohivyo. Akiikaribia tu idara, kichwa kilishuka chenyewe, kidevu kikagusa kifua, na hakikupanda tena mpaka jioni akiwa barabarani, idara ikiwa mgongoni kwake.

Na kamera ya ukumbini ilifungwa juu kabisa ya mlango, karibu na dari, kwa kuwa mgavi aliyeileta alisema ikifungwa chini itaibiwa. Watumishi wengine walikuwa wakisimama mlangoni asubuhi na kuinua vichwa kama kuku anayekunywa maji, mpaka mashine ilie "bip", ndipo wanaingia. Mjomba alipita chini yake kimya, na kamera ikaona utosi unaong'aa wenye nywele chache pembeni. Utosi hauna macho wala pua, kwa hiyo kwa mujibu wa programu hakuna mtu aliyepita.

Nilijaza fomu ya kuomba kamera ishushwe kwa hatua moja. Kamati ya Manunuzi ilijibu kwamba kamera ikishafungwa huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo, na jengo halishushwi. Nikaenda kwa Afisa Utumishi na daftari la kugawia barua, lililojaa sahihi za watu waliopokea barua kutoka mikononi mwa Tarishi kila siku ya kazi, zikiwemo za Afisa Utumishi mwenyewe.

"Daftari linaonyesha barua zilifika," akasema. "Halionyeshi nani alizileta."

"Lakini wewe ulimwona!"

"Mimi si mashine, Mtaalamu. Mimi naweza kukosea."

Kanuni ilisema mtumishi asiyeonekana siku arobaini anaitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu. Siku ya arobaini na moja barua ikaandikwa. Niliiona kwa macho yangu ikitoka ofisi ya Afisa Utumishi kwenye trei ya Mjomba, pamoja na nyingine tisa. Aligawa zile tisa. Ya kumi akaigeuza, akasoma jina, akatazama huku na huku kama anayemtafuta mwenyewe, halafu akafungua daftari akajisainia. Ndani iliandikwa kwamba kwa kuwa haonekani kazini, afike kazini Alhamisi saa nne ajieleze kwa nini asiachishwe.

Jioni ile nilimkuta nyumbani ameketi kwenye kochi, kichwa juu, akibishana na mkewe kuhusu redio. Nyumbani Mjomba ni mtu mwingine kabisa. Ana mwanya, ana kipele kidogo chini ya jicho la kushoto, akicheka uso mzima unashiriki. Mkewe namwita Mama, kwa kuwa hata yeye amenilea.

"Mjomba," nikamwambia, "mstari mmoja tu. Nimemwandikia Mkurugenzi, nitashindwaje kukuandikia wewe?"

"Huo mstari unasemaje?"

"Unasema upo, hata usipoonekana."

Akazima redio. "Yaani hata nisipokwenda, nipo."

"Ndiyo."

"Huo ni wa watu wasiokwenda, mwanangu. Mimi naenda."

"Utafukuzwa, Mjomba! Miezi saba imebaki!"

"Najua kuhesabu. Lakini usinitafutie uongo wa kushuhudia ukweli. Mimi nimekanyaga pale miaka thelathini na moja kwa miguu yangu. Hiyo mashine ikitaka kuniona, inione. Ikishindwa, ishindwe yenyewe."

Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Mtu mwenye haki na ukaidi kwa pamoja anachosha kuliko mwizi.

"Basi inua kichwa tu," Mama akaingilia kutoka jikoni. "Jambo la kuinua kichwa nalo linataka mkutano?" Akaburuta stuli hadi mlangoni, akapanda juu yake, mwiko mkononi. "Haya, mimi ndiyo kamera. Pita hapa. Nitazame!"

Mjomba alipita, akamtazama, Mama akalia "bip", tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alipita mara kumi bila kukosea. Kesho yake asubuhi nilijibanza ukumbini kumtazama. Alifika mlangoni, akasimama, nikaona shingo yake inatetemeka kwa nguvu aliyoiweka, kidevu kikapanda kidogo, kidogo tena. Mara mlango wa ofisi ya Naibu Mkurugenzi ukafunguka mahali fulani mbele, na kichwa kikaanguka chenyewe. Mazoea yana taabu. Alipita akiwa ameinama, na mimi nikaenda msalani kulia.

Nilipotoka huko nilikuwa nimeamua. Kama Mjomba hawezi kuinuka mpaka kwenye macho ya mashine, basi macho ya mashine yatashuka mpaka kwa Mjomba. Nitaifundisha utosi.

Jumapili nilimkalisha uani nikapanda kwenye stuli ya Mama na simu yangu, nikampiga picha mia tatu za kichwa: kwenye jua, kwenye kivuli, akiwa amelowa maji, akiwa ameegemea kulia na kushoto. Mama alikuwa akianua nguo.

"Miaka yote hii hujawahi kumpeleka mwenzio studio," akaniambia, "leo unampiga picha kisogo kama nazi ya sokoni."

"Ni kwa ajili ya kazi yake, Mama."

"Basi mpake mafuta. Kama ndiyo uso wake wa kazini, usiende na vumbi."

Akampaka mwenyewe.

Niliandika kipande kipya, mistari themanini na miwili, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Pasipoonekana uso, tazama chini kidogo. Ukiona mviringo unaong'aa juu ya mabega, ulinganishe na utosi ulio kwenye faili. Hakukuwa na uongo ndani yake hata chembe. Jumatatu saa moja na dakika thelathini na moja, kwenye skrini yangu, kisanduku cha kijani kikatua juu ya kichwa cha Mjomba na maandishi yakatokea: TARISHI, YUPO. Nusura nipige vigelegele katikati ya ofisi. Alipoleta chai nilimnong'oneza, "Umeonekana," na nikaona pembe ya mdomo wake, kule chini, ikicheka.

Furaha ile iliishi siku tatu. Siku ya kwanza nilikuta Tarishi ameandikwa kuwepo kwenye chumba cha chai kuanzia saa mbili hadi saa kumi bila kupumzika; lilikuwa birika. Hilo nililirekebisha. Siku ya tatu Naibu Mkurugenzi aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, mshipa umemtoka kwenye paji la uso. Naye ana upara. Ana tabia ya kutembea akisoma simu, kichwa chini, na kwa siku tatu mashine ilikuwa imemwandika kuwa ni tarishi. Jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye kikao cha wakuu na kuwekwa kwenye zamu ya kuosha vikombe.

"Mimi sikusoma miaka kumi na tisa," akasema huku akijishika kichwa, "ili utosi wangu uje ufanane na wa mtu!"

"Nipe siku mbili, Mheshimiwa. Naweza kutofautisha. Wa kwako una..."

"Usinieleze una nini! Ondoa!"

Aliniamuru niondoe akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, na niliondoa akihesabu mistari ikifutika. Ilikuwa Jumatano. Mkurugenzi alikuwa amepewa kipengele chake kwa neno moja; mistari themanini na miwili ya kweli ilikufa kwa sababu ilimgusa mkubwa utosini. Nilipiga simu kwa Mjomba mchana nikamwambia imefutwa. Akaniambia nisisahau kula.

Alhamisi saa nne Kamati ya Nidhamu ilikaa katika chumba cha mikutano. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi, safari hii mwenyewe kwa mwili, ameketi chini kabisa ya picha yake. Kulia kwake alikuwa Naibu, kushoto Afisa Utumishi, na mwisho wa meza katibu muhtasi akiandika kumbukumbu. Mimi niliitwa na kompyuta yangu kuthibitisha ripoti. Kamera ya chumbani iliunganishwa na skrini kubwa ili akidi ihesabiwe kisasa. Visanduku vitano vya kijani vikatokea, na cha sita juu ya picha.

"Akidi imetimia," Mkurugenzi akasema. "Mtuhumiwa yuko wapi?"

Wote wakatazama skrini. Mjomba alikuwa anamimina chai kwenye kikombe cha Mkurugenzi.

"Hajafika," Naibu akasema.

"Andika hajafika. Hii nayo ni dharau ya pili." Mkurugenzi akavuta kikombe. "Wahenga hawakukosea: asiyekuwepo na lake halipo. Tuendelee."

"Yuko hapa," nikasema.

"Wapi?"

"Hapo. Anakumiminia chai."

Birika likasimama hewani. Mkurugenzi alimtazama Mjomba, yaani aliutazama utosi wake, kisha akatazama skrini, akarudi kwenye utosi. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba meza inaitwa jina lake.

"Mashine haijamwona," akasema.

"Mwambieni ainue kichwa."

Ilibidi wasemezane kwanza. Afisa Utumishi alitaka kujua kama kanuni zinaruhusu. Mwishowe Mkurugenzi akasema, "Haya, wewe. Inua kichwa." Amri ya mkubwa ndiyo iliyoishusha ile shingo miaka thelathini na moja iliyopita, na amri ya mkubwa ndiyo iliyoipandisha. Mjomba aliweka birika chini, akafuta mikono, akainua uso wake polepole mpaka taa ya dari ikaumulika wote: kipele, makunyanzi, mwanya uliojificha. Mashine ikalia "bip". Kisanduku cha kijani kikamzunguka vizuri kabisa. Chini yake pakaandikwa: HAJULIKANI.

Nilijua kwa nini, na nilijilaumu kwa kutolifikiria. Watumishi wote walipigwa picha mpya mashine ilipofungwa, ila picha ya Mjomba ilitoka ya utosi, ikakataliwa, wakatumia ile ya kwenye faili lake la ajira. Ile picha ilikuwa ya kijana mwenye nywele nyingi na masharubu. Programu ikikwama hivyo, inamtaka mtumishi mmoja anayemjua mtu huyo kwa sura amtambue, halafu mimi nabonyeza "Thibitisha". Basi, kubonyeza kitufe kimoja. Niliwaeleza hivyo, na moyo wangu ukatulia, maana niliona tumepona. Walikuwa wanne mle ndani, na kila mmoja alikuwa ameletewa chai na mtu huyu kwa miaka.

"Nani anamtambua?" nikauliza.

Walifikiri kweli, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi namjua kwa mikono," Naibu akasema. "Ana kovu kwenye kidole gumba. Lakini uso... kuapa siwezi."

"Mimi ni mwendo," Afisa Utumishi akasema. "Anaburuta mguu wa kulia. Uso huu sijawahi kuuona."

"Mimi chai huwa naikuta tu mezani," Mkurugenzi akasema. "Imepoa."

Katibu muhtasi alimtazama Mjomba. Alikuwa amepokea barua kutoka mkononi mwake kwa miaka kumi na minane. Akafungua mdomo, akamwona Mkurugenzi anamtazama, akaufunga, akainamia karatasi yake.

"Hatuna hakika kwamba huyu ndiye Tarishi," Mkurugenzi akasema. "Anaweza kuwa mtu yeyote aliyeingia na birika."

Mjomba hakunitazama. Alikuwa ametazama mbele, mbali na mimi, ili nisilazimike. Mpaka pale bado alikuwa analinda mkataba wangu. Nilisimama.

"Namtambua mimi. Huyu ndiye Tarishi. Ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, amenilea tangu nina miaka sita. Uso huu naujua kuliko wangu."

Ilikuwa kama nimemwaga maji ya moto mezani. Wote wanne walizungumza kwa pamoja, na hakuna aliyezungumzia mahudhurio. Naibu akauliza ni nani aliyepitisha ajira yangu. Afisa Utumishi akasema yeye hakujua, iandikwe kwamba hakujua. Mkurugenzi akagonga meza.

"Ndugu hawezi kumtambua ndugu. Damu ni nzito kuliko maji. Ushahidi umekataliwa, na habari yako, Mtaalamu, tutaijadili baadaye. Kuna mwingine anayemjua mtu huyu?"

Hapakuwa na mwingine. Mjomba alisubiri kwa adabu, kichwa kikiwa bado juu. Aliwapitia mmoja mmoja usoni bila haraka, kama anayesoma anwani kwenye bahasha, na nikakumbuka kwamba hata yeye alikuwa anawaona kwa mara ya kwanza.

"Waheshimiwa," akasema, "mimi nilidhani mashine ndiyo imekosea. Nilimwambia hata mtoto huyu, inione yenyewe. Lakini kama nimeingia humu miaka thelathini na moja, na hakuna mmoja wenu anayeujua uso wangu, basi mashine haina kosa." Sauti yake haikupanda. "Sikuwepo."

Akachukua kitambaa chake begani, akakikunja, akakiweka mezani kando ya birika, akatoka. Katibu muhtasi alikuwa analia waziwazi sasa, kalamu mkononi.

"Niandike nini, Mheshimiwa?"

Mkurugenzi alifikiri kidogo, na nikaona uso wake unakunjuka, mzigo umemtoka.

"Andika mtuhumiwa amekiri."

Sikuzima hata kompyuta. Nilitoka mbio, nikamkuta Mjomba amefika mwisho wa ukumbi, na nikamwita "Mjomba! Mjomba, nisubiri!" kwa sauti iliyofanya vichwa vichomoze kwenye kila mlango, makarani wa masjala wakiwemo. Niliita tena ingawa alikuwa ameshasimama. Nilitaka wasikie.

Tulivuka barabara. Nilikuwa natafuta jinsi ya kumwomba radhi, kwa miezi saba yake, kwa miezi yangu ya "asante" bila kuinua macho. Upande wa pili Mjomba aligeuka. Ilikuwa bado asubuhi, jua limelipiga jengo la idara usoni. Alilitazama kuanzia mlangoni, akapanda nalo dirisha kwa dirisha mpaka kwenye paa, mkono mmoja juu ya macho.

"Kumbe ni ghorofa nne," akasema. "Mimi nilikuwa nahesabu ngazi za tatu tu."

"Ya nne haina ofisi, Mjomba. Ni stoo."

"Na ile rangi ya kijani kule juu, wamepaka lini?"

Nilimwambia niliikuta. Akatikisa kichwa, akaendelea kutazama, na sikumharakisha.